Gari inagonga "tak" mara moja na haiwaki: betri mpya, stata nyingine, na kebo ambayo hakuna aliyeigusa

Kisa hiki nimekaa nacho muda kabla sijakiandika, manake sehemu ya makosa yaliyofanyika ni yangu, na nikiyaficha hakitamsaidia mtu. Majina, aina ya gari na mahali nimeviondoa. Vipimo ni vile vilivyokuwa kwenye mita.

## Gari yenyewe

Ni gari ndogo ya petroli, silinda 4, gia otomatiki, kwa hiyo hata ile ya kuisukuma watu wanne ikashike njiani haipo. Mwenyewe ni mama anayeitumia kila siku, kazini na kurudi na watoto. Gari ina umri wa zaidi ya miaka 10 lakini imetunzwa, oili inabadilishwa kwa wakati, haina historia ya kusumbua.

Kitu cha kujua mapema kuhusu gari hii ni njia ya athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Kutoka hasi ya betri kuna kebo fupi inayoenda kwenye bodi, chuma cha mwili wa gari. Afu kuna kebo nyingine, ndefu kidogo, inayotoka kwenye bodi chini kabisa ya kile kisahani kinachobeba betri, inaenda kufungwa kwenye gia boksi karibu na stata, ile mota inayozungusha injini hadi iwake. Yaani injini na gia boksi vimekaa juu ya mipira, haviguswi na bodi moja kwa moja, na umeme wote wa stata unarudi betri kupitia hiyo kebo ya pili. Gari nyingine kebo ya hasi inatoka betri hadi injini moja kwa moja, hii haikuwa hivyo. Hii ya pili ndo hakuna aliyeigusa kwa zaidi ya mwezi mzima.

## Ilivyoanza

Siku ya kwanza alipozungusha ufunguo akasikia "tak" moja, kimya. Taa za dashibodi zinawaka vizuri, redio inaongea. Akajaribu tena, tak. Mara ya nne ikawaka kama hamna kitu. Akaiacha, na nani asingeiacha, gari imewaka na una haraka.

Siku chache baadaye asubuhi ikagoma kabisa. Jirani akaja na gari yake na waya za kubusti, wakafunga, ikawaka papo hapo. Fundi wa kwanza akaitwa, akapima betri ikiwa imetulia, mita ikasoma volti 12.1. Betri ya asidi iliyojaa inasoma kama 12.6 ikiwa imepumzika, 12.2 ni nusu, kwa hiyo 12.1 ni betri iliyoshuka. Betri yenyewe ilikuwa na miaka 3. Akashauri ibadilishwe, ikabadilishwa, gari ikawaka vizuri. Kwa alichokiona siku ile simlaumu, ushahidi wote ulikuwa unaelekea betri.

Siku 9 baadaye, tak.

Safari hii jirani hakuwepo, akasimama mtu mwingine na waya zake, wakafunga, ikagonga tu. Wakasubiri dakika kumi gari ya msaada ikiwa inaunguruma, wakajaribu tena, ikagonga tu. Ilikuwa jioni, watoto wako ndani ya gari, wakakaa pale hadi giza likaingia ndo wakapata usafiri mwingine. Hilo aliniambia mwenyewe kesho yake aliponipigia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka na gari ambayo ametoka kuinunulia betri.

## Nilichofanya siku ya kwanza, na kwa nini

Nilipofika nikamwambia mama azungushe ufunguo mi nikiwa mbele nasikiliza. Mlio ulikuwa mmoja, mzito, unatoka chini kwenye stata, sio ule wa rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) kwenye boksi la fyuzi ambao ni mwepesi kama kubofya kalamu. Taa kubwa tuliziwasha, alipopiga stata hazikufifia sana.

Hapo kuna mambo mawili yanayotofautisha. Ukisikia tak-tak-tak-tak ya haraka kama bunduki, mara nyingi ni volti zimeanguka: selenoidi ya stata (swichi yake ya sumaku) inavuta, inafunga mguso mkubwa, mota inadai ampea nyingi kwa mkupuo, betri dhaifu inaporomoka, selenoidi inakosa nguvu ya kujishikilia inaachia, volti zinapanda, inavuta tena, na mzunguko huo unajirudia mara nyingi ndani ya sekunde moja. Tak moja huku taa bado zina mwanga maana yake selenoidi imevuta ikakaa, lakini mota haipati ampea za kutosha au inazipata na haizunguki. Na kama tak inatoka kwenye stata yenyewe, basi swichi ya ufunguo, rilei na ile swichi ya gia inayozuia isiwake ikiwa kwenye D vimeshafanya kazi yao. Tulijaribu kwenye N pia, hamna tofauti.

Betri mpya ilisoma 12.6. Vichwa vya betri vilikuwa safi na vimekazwa. Nikapima athi kwa mita ile sehemu ya mlio, inayolia kama njia ya umeme haijakatika, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha gia boksi. Ikalia piii. Nikaandika kichwani "athi iko sawa" nikaendelea mbele. Hilo ndo kosa langu kubwa katika kisa hiki, nitalirudia chini.

Afu nikachukua kipande cha chuma nikaigonga stata mwilini kidogo kidogo huku mama anazungusha ufunguo. Ikawaka. Kila fundi anajua maana ya hiyo: kaboni za stata, vile vipande vinavyoingiza umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimeisha au zimekwama, ukizigonga zinakaa sawa kwa muda. Dalili ya kwenye kitabu kabisa. Nikamwambia mama stata imechoka, tukafunga nyingine iliyofanyiwa ukarabati. Gari ikawaka mara ishirini mfululizo, nikaondoka nimeridhika.

Ikakaa kama wiki 3.

## Simu ya pili

"Fundi, imeanza tena." Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

Betri mpya, stata nyingine, dalili ileile. Nikiwa njiani nikaamua sibadilishi kitu chochote siku hiyo hadi nijue volti zinapotelea wapi wakati ufunguo umezungushwa. Nikapanga gari iwe kwenye P, breki ya mkono imevutwa, mita kwenye volti za DC, na mama akae kwenye usukani azungushe kwa sekunde 2 tu kila ninapomwambia, asizidishe.

Kipimo cha kwanza, ncha mbili za mita juu ya vichwa vyenyewe vya betri, ile nguzo ya madini ya risasi katikati, sio kwenye kibano kinachoishika, manake mguso mbaya unaweza kuwa kati ya risasi na kibano. Imetulia 12.6. Ufunguo ukizungushwa, 11.6. Betri ikiwa na afya, hata injini ikizunguka kwa nguvu haitakiwi kushuka chini ya kama 9.6, kwa hiyo 11.6 ni betri ambayo bado ina uwezo na haijaombwa vya kutosha.

Cha pili, upande wa chanya. Ncha moja kwenye risasi ya chanya, nyingine kwenye ile bolti nene ya stata inayopokea kebo kutoka betri. Zungusha. 0.2, hizo ni volti zinazopotea njiani. Sawa kabisa, upande huu mpaka nusu volti naweza kuvumilia.

Cha tatu, upande wa hasi. Ncha moja kwenye risasi ya hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha gia boksi. Zungusha.

7.9.

Nikamwambia mama azungushe tena manake nilidhani ncha imeteleza. 7.9. Upande huu ukizidi 0.2 tu ushaanza kuwa na wasiwasi. Kati ya volti 11.6 ambazo betri ilikuwa inatoa, 7.9 zilikuwa zinaishia njiani kwenye athi, 0.2 upande wa chanya, na stata inabaki na 3.5. Hamna stata duniani itazungusha injini kwa volti 3 na nusu, iwe mpya au ya zamani.

Nikasogeza ncha. Hasi ya betri hadi bodi: 0.1. Kwa hiyo kebo fupi nzima. Bodi hadi gia boksi: 7.8. Nikashika ile kebo ya pili kwa vidole pale inapoingia kwenye kikombe chake (kile chuma cha mwisho wa kebo kinachofungwa na bolti) cha upande wa bodi, nikaachia haraka, ilikuwa ya moto.

## Uamuzi, na namna tulivyohakikisha

Ningeweza kukimbilia kununua kebo, lakini safari hii sikutaka tena kuamini kitu kwa sababu kinaelekea. Nikachukua waya mmoja wa kubusti, ule mnene, nikabana upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha gia boksi, nikiwa nimeiruka kebo ya pili kabisa. Mama akazungusha. Ikawaka mara moja, na ikazunguka kwa kasi ambayo alisema hajaisikia siku nyingi. Nikatoa waya, tak. Nikarudisha, ikawaka. Hapo nikaanza kufungua.

Tulitoa betri, hasi kwanza, tukanyanyua kisahani. Bolti ya athi chini yake ilikuwa imevaa unga mweupe wa kijani, ule unaotokana na mvuke wa asidi na maji. Kebo yenyewe kwa nje ilionekana nzima, plastiki nyeusi haina hata mchubuko. Nikaikunja karibu na kikombe ikakunjika laini kama kamba, nikaipasua kwa kisu. Ndani shaba ilikuwa imegeuka kijani kwa urefu wa kama kidole, nyuzi nyingi zimekatika zimekuwa unga, zimebaki chache zinazogusana zikitaka, na zikitikiswa zinagusana vizuri zaidi.

Tukafunga kebo mpya yenye unene uleule, nikasugua bodi kwa msasa mpaka chuma cheupe kikaonekana, nikasugua na upande wa gia boksi, nikakaza, kisha nikapaka grisi juu baada ya kukaza ili maji yasirudi. Rangi na kutu havipitishi umeme, kwa hiyo kebo mpya ukiifunga juu ya rangi umejirudisha ulipotoka.

## Matokeo

Upotevu upande wa hasi ukawa 0.1 injini ikizunguka, na betri inashuka hadi 10.6, ambayo ndo inavyotakiwa, sasa stata inakula kweli. Miezi imepita, haijagonga tena. Ile stata ya zamani niliifunga mezani nikaipa betri, ikazunguka vizuri sana, kaboni zake bado ndefu. Nilimrudishia mama stata yake, nikamrudishia na hela ya ufundi wangu wa siku ile, na nikamweleza wazi kwamba haikuwa imekufa. Ile betri ya kwanza nayo nikaichaji taratibu usiku kucha, ikapanda 12.6 na kesho yake ilikuwa bado 12.6. Nilipoipima kwa mzigo, yaani ikiwa inatoa umeme mwingi, volti zikashikilia.

## Uchambuzi

Nianze na ile betri, manake hapo ndo wengi tunapotekwa. Fundi wa kwanza alipima 12.1 na hakukosea kusoma. Kitu ambacho hakuna aliyejiuliza ni kwa nini betri ilikuwa 12.1. Alteneta, ile inayozalisha umeme wa kuchaji betri, imefungwa kwenye injini, na chuma cha mwili wake ndo hasi yake, kwa hiyo umeme wa kuchaji nao unapita kwenye ileile kebo ya pili. Kabla sijabadilisha kebo nilipima, taa na feni vikiwa vimewashwa: pale kwenye alteneta volti 14.4, pale betri 13.5. Betri ilikuwa inachajiwa kwa kiwango cha chini kila siku kwa muda mrefu, ndo ikashuka. Yaani kebo mbovu ilikuwa inazuia stata na wakati huohuo inatengeneza ushahidi wa uongo dhidi ya betri. Betri ikikutwa imeshuka na gari inatembea kila siku, pima na inavyochajiwa kabla ya kuihukumu.

La pili ni kwa nini kila matengenezo "yalifanya kazi". Kubadilisha betri kunataka utoe betri iliyokaa juu kabisa ya ile bolti ya athi, unaitikisa kebo hata kama hukusudii. Kuigonga stata kunatikisa gia boksi ambapo kebo hiyohiyo imefungwa, mkono mmoja tu kutoka nilipokuwa nagonga. Kubadilisha stata unaisogeza kabisa ili spana ipite. Mara zote tatu nyuzi zilijipanga upya zikapitisha umeme siku 9, wiki 3. Tatizo la kuja na kuondoka lina tabia hiyo, linampa sifa mtu wa mwisho aliyegusa gari. Sasa hivi gari ya tak moja ikiwaka baada ya kugongwa siandiki "stata", naandika "kitu kimetikisika".

Tatu, ile piii ya mita. Mita inapima njia kwa kupitisha umeme mdogo mno, hata uzi mmoja wa shaba unatosha kuufikisha. Stata ya gari ndogo inaanza na ampea mia na kitu hadi mia kadhaa. Kizuizi cha omu 0.05 ni kidogo kiasi kwamba nyaya za mita zenyewe zina zaidi ya hapo, kwa hiyo mita haiwezi hata kukiona, lakini pitisha ampea 160 uzidishe, unapata volti 8 zimepotea, na joto la zaidi ya wati 1,200 kwenye sehemu ndogo kama kidole. Ndo maana kikombe kilikuwa cha moto. Athi ya stata haipimwi kwa mlio, inapimwa kwa volti ufunguo ukiwa umezungushwa, na mita yoyote ya kawaida inatosha.

Nne, na hii inaniuma zaidi manake jibu lilikuwepo kabla hata sijaitwa. Jirani alipobusti gari ikawaka papo hapo, yule mtu wa pili alipobusti ikagoma. Niliporudi mara ya pili nikamuuliza mama kila mmoja alibana wapi. Jirani, kwa utaratibu sahihi kabisa, alibana nyeusi kwenye chuma cha injini mbali na betri, inavyoshauriwa ili cheche isitokee karibu na gesi ya betri. Bila kujua akawa ameiruka kebo mbovu. Yule wa pili alibana nyeusi juu ya hasi ya betri, kwa hiyo umeme ukalazimika kupita njia ileile iliyooza. Swali hilo moja ningeliuliza siku ya kwanza, stata isingefunguliwa. Gari inayokubali kubustiwa kwenye injini na kukataa kwenye betri inakuelekeza moja kwa moja kwenye athi ya injini.

Cha kushukuru ni kwamba hatukuendelea hivyo miezi. Umeme wa stata ukikosa athi unatafuta njia nyingine ya kurudi, mara kebo ya gia, mara waya wa akselereta, na hizo hazijatengenezwa kubeba ampea hizo, zinaungua. Hapa nilizikagua zote, zilikuwa nzima.

Kilichosaidia mwishoni ni vipimo vitatu vya sekunde 2 kila kimoja na waya mmoja wa kubusti, jumla haikuzidi dakika 15. Na vipimo hivyohivyo vingeweza kunipeleka kwingine. Kama chanya ingekuwa na volti 2 au 3, ningefuata kebo nyekundu kipande kwa kipande. Betri ingeporomoka hadi 7 au 8, ningeichaji na kuipima kwa mzigo, na wakati huohuo ningehakikisha injini inazunguka kwa spana kwenye puli ya kranki, manake injini iliyokwama nayo inaangusha betri nzima hivyohivyo na inagonga tak moja. Na kama stata ingekuwa inapokea volti 11 na zaidi kati ya bolti yake ya kebo na mwili wake huku inagonga tu haizunguki, hapo ndo ningeifungua, nianze na miguso ya selenoidi kisha kaboni.